Waliomjibu Lusinda

Siku ya kuniaga, mbele ya keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, ninyi vijana wa mlangoni mliniomba niwaandikie habari za kazi yetu ya kuwaongoza watu kwenye viti vya ukumbi wa maigizo. Basi nimekaa hapa nyumbani Euless, jirani na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya paa, nami nimeanza. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilianza na tochi nikamaliza na funguo, na mshahara ni ule ule mnaoulalamikia. Nitaandika yale ambayo hamtafundishwa kwenye semina yoyote, hasa habari za mchezo mmoja ulionifuata kutoka Houston hadi huku. Nanyi mtakutana nao, maana mchezo ule haufi.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Houston, wakati wa baridi, ingawa baridi ya Houston ni mvua ya uvuguvugu tu kama ya kwetu Mombasa mwezi wa tano. Mume wangu Athumani alikuwa dereva wa lori bandarini, nami nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani kuzungumza na televisheni. Ukumbi ulikuwa mkongwe, zulia limelika katikati, na ulikuwa na roshani ya juu iliyonuka vumbi na marashi ya watu wa zamani. Aliyenipokea alikuwa Bwana Leroy, mzee Mmarekani mweusi, mrefu, viatu vinang'aa kiasi cha kujitazamia. Alinipa tochi iliyofunikwa kioo kwa karatasi nyekundu, akanieleza kazi yote tukiwa tumesimama.

"Mwanga uelekeze chini, miguuni. Aliyechelewa mzuie mlangoni mpaka wapige makofi. Anayelia usimguse. Mwekee tishu kwenye mkono wa kiti, uende zako. Na jukwaa ligeuzie mgongo. Hukuja kutazama mchezo, umekuja kuwatazama watu."

Mafunzo yangu yote yalikuwa hayo. Mengine yote niliyopewa baadaye, na vyeti vyake, hayakuongeza kitu.

Mchezo wenyewe ulitokana na riwaya ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria, nene kama tofali. Ni kisa cha Lusinda, mtoto yatima anayelelewa kwa shangazi yake kwenye nyumba ya kinu cha kusagia nafaka. Ni mwema kupita kiasi: anawatunza wazee, anawapatanisha waliogombana, hata mbwa wa jirani anaacha kung'ata kwa sababu yake. Mwandishi, akishaona tumempenda, anamwangusha kitandani na homa. Watu wote wa nyumba wanaapa kukesha naye, lakini wana uchovu wa siku nyingi, na mmoja mmoja wanalala vitini. Mtoto anafumbua macho, anauliza, "Yupo aliye macho?" Hakuna anayejibu. Anainuka, anauzima mshumaa mwenyewe ili usiwasumbue waliolala, anajilaza, anakufa. Baada ya hapo kitabuni kuna kurasa nyingi za kengele na theluji. Mwandishi hakumwonea msomaji huruma.

Nikawa nimeligeuzia jukwaa mgongo kama nilivyoagizwa, nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona. Ukumbi mzima ulikuwa ukilia kimya kimya. Wanaume wa buti na mikanda mipana walikuwa wametazama mbele huku machozi yanawashuka bila kuyafuta. Kwetu kilio hakina mwenyewe. Ukilia msibani unashikwa na huyu na yule, na sauti yako inapotea ndani ya sauti za wenzako. Hawa kila mmoja alilia peke yake kwenye kiti chake, bega kwa bega na mtu asiyemgusa. Niliona upweke wa kilio kile, nikawa napita na tishu kama mgawa sadaka.

Kisha Lusinda akauliza, "Yupo aliye macho?" Na kutoka roshani sauti ya mwanamke ikajibu, taratibu tu, kama mtu anayemjibu mtoto wa chumba cha pili: "Niko macho."

Nilipanda ngazi haraka nikidhani ni mlevi. Nilimkuta mama wa makamo amekaa wima, mikono juu ya mkoba, kama wenzake. Wakati wa mapumziko nilimwendea, nikamwambia kwa adabu kwamba waigizaji wanaomba watu wasijibu. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Sijasema neno," alinijibu. Mumewe, aliyekuwa pembeni, alikuwa mweupe kama karatasi. Aliinamisha kichwa.

Nilimfuata Bwana Leroy. Alikuwa akihesabu vijitabu vya programu wala hakuinua macho.

"Kila msimu yupo anayejibu," alisema. "Si mtu mmoja. Leo mama, kesho mwanafunzi, keshokutwa padri. Wote wanasema maneno yale yale, na hakuna anayekumbuka. Zamani nilikuwa nawauliza. Nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

"Kwa sababu wakishaambiwa, hawarudi tena kuwa walivyokuwa. Wanaanza kujiuliza ni nani aliyeazima mdomo wao."

Nilimsomea Bwana Leroy Ayatul Kursi kimoyomoyo, kisha nikajisomea na mimi. Nilifanya kazi pale miaka mingi, na alisema kweli. Tulizoea, kama unavyozoea mlango unaolia. Niliwahi kumuuliza kwa nini watu wanalia namna ile kwa mtoto wa kubuni. Alisema bibi yake alizika watoto kutoka kitanda kimoja, mmoja baada ya mwingine, na kwamba katika ukumbi ule wengi walikuwa na bibi kama huyo. Hawakuwa wakimlilia Lusinda.

Athumani alipopata kazi ya mizigo uwanja wa ndege, tukahamia huku, nami nikaajiriwa kwenye ukumbi wetu huu ambao ninyi mnaujua. Bwana Leroy alikuwa ameshafariki. Nilidhani nimeachana na Lusinda, lakini haikupita misimu mingi akaja, safari hii na bendi. Walikuwa wameifanya riwaya kuwa mchezo wa nyimbo. Mtoto alikufa akiimba, na aliimba kwa muda mrefu sana kwa mtu mwenye homa ya mapafu.

Ndipo nilipoona watu wanaanza kucheka. Mwanzo walicheka kwa pua tu, mtu anajizuia. Mwaka uliofuata walicheka waziwazi. Kisha kikaja kikundi cha vijana wa chuo kutoka mji jirani wa Arlington kikaugeuza kabisa kuwa kichekesho: Lusinda aliigizwa na mwanamume mwenye ndevu, watazamaji wakagawiwa tishu za kumrushia. Mimi ndiye niliyezifagia. Sikuwachukia. Watu wazima waliwaona hawana moyo, lakini mimi niliyekuwa nikiwatazama nyuso nitawaambia nilichokiona: walicheka wakiwa wameshika viti kwa nguvu. Watoto wale walikuwa hawajawahi kuona mtu akifa nyumbani. Kwao mtu mgonjwa alichukuliwa na gari, akarudi akiwa picha.

Na katikati ya kicheko kile, yule mwenye ndevu alipouliza swali lake kwa sauti ya kubana, kijana mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa akicheka kuliko wote, alinyamaza ghafla, uso ukalegea kama wa mtu aliyesinzia, akasema, "Niko macho." Wenzake walishangilia wakidhani ni mzaha wake. Yeye aliwageukia akawauliza, "Nani amesema?" Nilimfuata alipotoka. Alikuwa koridoni, nje ya ukumbi, anasugua midomo yake kwa kiganja, anasugua, anasugua.

"Una nini, mwanangu?" nilimuuliza.

"Sijui. Kinywa changu kina baridi."

Sikumwambia kitu. Nilikaa naye mpaka rangi ikarudi.

Halafu ikaja filamu. Tulishusha pazia jeupe tukaionyesha kwa wiki kadhaa. Mle ndani waliliondoa lile jambo lote: shangazi anaamka, anajibu, anamkumbatia, mtoto anapona. Watu walitoka wamefurahi, na kabla hawajafika kwenye magari walikuwa wanazungumzia chakula. Hakuna aliyejibu kutoka vitini. Niseme kweli, ukumbi haujawahi kuniogopesha kama wiki zile. Ulikuwa kama nyumba ambayo mtu aliyezoea kukohoa chumba cha nyuma amenyamaza.

Ukaja ugonjwa ule wa barakoa, tukafunga. Tulipofungua, mwongozaji mpya akasema anataka maneno ya kitabu kama yalivyo, bila nyimbo wala mzaha, maonyesho ya mchana tu, maana watu walikuwa wanaogopa kukaa nje usiku. Nafasi ya Lusinda akapewa Neema.

Neema alikuwa binti wa Kitanzania kutoka Cedar Hill, mwenye macho makubwa na meno ya mbele yenye mwanya. Akinisalimia, "Shikamoo bibi," Kiswahili chake kinaishia hapo, yanayofuata yote ni Kiingereza. Mama yake alikuwa nesi kwenye nyumba ya wazee. Mama Neema alimleta kila siku, akakaa na mimi nje kwenye benchi la korido, wala hakuingia ndani hata mara moja. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa na moshi.

"Ingia umuone mwanao," nilimwambia. "Watu wanamsifu."

"Siwezi, dada." Akautazama mlango wa ukumbi. "Hicho kisa mimi nimekiishi."

Akanieleza. Mama yake mzazi alikuja kutoka Morogoro kuwatembelea, ugonjwa ukamkuta huku. Hospitali zilikuwa zimejaa, naye bibi mwenyewe alikataa kwenda kufa kati ya watu wasiojua salamu yake. Wakamuuguza nyumbani. Mama Neema alitoka kazini, akakesha, akarudi kazini, akakesha. Asubuhi moja, jua limeshatoka, alikaa kwenye kiti kando ya kitanda afunge macho dakika moja. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa amepoa.

"Neema ndiye aliyeniamsha," alisema. "Akaniambia bibi alikuwa anaita. Anauliza kama kuna mtu. Mtoto alidhani nitajibu mimi." Akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Tangu siku hiyo usingizi umenikimbia. Nikilala, nashtuka. Basi nachukua zamu za ziada, angalau nikeshe kwa faida."

Siku chache baadaye alifika na gari lisilo na kioo cha pembeni. Alikuwa amesinzia barabara kuu, Neema akiwa kiti cha nyuma, akakwaruza ukuta wa zege. Aliniambia akitabasamu, na tabasamu lile liliniogopesha kuliko gari. Nilimwambia aegeshe, nitatafuta mtu wa kuwarudisha. Alikataa. Nilimwambia amtoe mtoto kwenye mchezo. Alisema alishajaribu, Neema alilia mpaka akatapika.

Nikamwendea Neema chumba cha kuvalia, akiwa anapakwa poda ya ugonjwa.

"Kwa nini unautaka sana mchezo huu?" nilimuuliza.

Alijibu kwa Kiingereza chake, bila kusitasita, "Kwa sababu ya yule anayenijibu."

"Nani?"

"Kila siku anajibu. Wewe humsikii, bibi? Anajibu Kiswahili."

Nilicheka kidogo ili nisimtie hofu. Nilikuwa nimesikia majibu, ndiyo, yalikuwa yamerudi tangu onyesho la kwanza. Lakini masikio yangu yamezeeka, nilisikia mnong'ono tu. Jana yake aliyejibu alikuwa mzee mmoja wa safu ya kati, mfuga ng'ombe mstaafu, kofia yake kubwa ameipakata. Mtu yule hajui Kiswahili zaidi ya mimi ninavyojua kukamua ng'ombe.

Mchana uliofuata nilijisogeza hadi katikati ya ukumbi. Neema aliuliza swali lake, kwa sauti ndogo, bila kuigiza sana. Karibu yangu alikuwa bibi Mzungu wa kofia ya sufu, ameletwa na gari la nyumba ya wazee. Niliona midomo yake ikifunguka.

"Niko macho," alisema. Kwa Kiswahili. Na kwa lafudhi ya bara ya Tanzania, ile ya kuvuta mwisho wa neno.

Nywele zilinisimama. Yule bibi aliendelea kutazama jukwaa kwa utulivu, akakohoa, akafungua peremende. Na hapo ndipo nilipotambua kitu kingine: ukumbini hakuna aliyekuwa akilia, wala aliyekuwa akicheka. Watu walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, kama mnavyofanya mnaposikia hatua kwenye nyumba mliyodhani mko peke yenu. Wote walikuwa wanasikiliza. Karibu kila mmoja mle alikuwa na mtu aliyekufa wakati wa ugonjwa ule, nyuma ya mlango aliozuiwa kuufungua.

Sikumwambia Mama Neema. Ningemwambia nini? Lakini siku ya onyesho la mwisho Neema mwenyewe alimshika mkono pale kwenye benchi, akamwambia kwa Kiswahili, kwa kukwamakwama, "Mama, njoo. Leo tu."

Mama Neema akanitazama. Nikainuka, nikamfungulia mlango, tukasimama wote nyuma ya safu ya mwisho. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Mara hii nililitazama jukwaa. Nilivunja sharti la Bwana Leroy. Watu wa nyumba ya kinu waliapa kukesha, wakasinzia mmoja mmoja. Mshumaa ukabaki. Neema akafumbua macho, akauliza, "Yupo aliye macho?"

Nilingoja. Hakuna aliyejibu, si roshani, si safu za chini. Neema hakuinuka kuuzima mshumaa. Alikaa pale kitandani anatazama gizani, upande wetu, anangoja. Mama Neema akanyanyua kidevu, nikafikiri atajibu yeye. Nikafikiri, jibu basi, jibu upumzike.

Kisha nikaona Neema anatabasamu, mwanya wote nje, anajilaza na kufunga macho, na mshumaa unawaka bado. Watu wa taa hawakujua la kufanya, wakazima taa zote isipokuwa ule mwali mdogo. Ukumbi ulikaa hivyo muda mrefu. Walipopiga makofi, walipiga polepole, kama watu wasiotaka kumwamsha mtu.

Nilimgeukia Mama Neema. Uso wake ulikuwa umelowa, na alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

"Bora hukujibu," nilimwambia. "Mtoto kaelewa mwenyewe."

"Dada Saumu," alisema, "wewe ndiye uliyejibu."

"Mimi sijafungua kinywa."

"Nilikuwa nimekushika mkono. Ulisema, 'Niko macho. Lala wewe.' " Akaonyesha kwa mkono safu iliyo mbele yetu. "Watu wote waligeuka wakakuangalia. Na haikuwa sauti yako. Ile sauti mimi naijua tangu tumboni."

Nilitaka kubisha. Nikaona safu ya mwisho, watu wawili watatu bado wamegeuka, wananitazama kwa heshima, kama watu wanaomtazama mfiwa. Nikajigusa mdomo. Midomo yangu ilikuwa na baridi.

Mnataka kujua nilihisi nini, nami nawaambia sikuhisi kitu. Kati ya kungoja kwa Neema na tabasamu lake hakuna pengo lolote kwenye kumbukumbu yangu. Athumani anasema ni uchovu. Imamu wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisome niliyokuwa nasoma na nisiwasimulie wenye mioyo dhaifu. Ninyi mna mioyo ya kutosha, ndiyo maana naandika. Atakayejibu msimuulize. Mkiambiwa ni ninyi, msibishe.

Siku ile nilimpeleka Neema kwenye gari akiwa bado na poda usoni. Jua la alasiri lilikuwa kali, egesho la magari linameta. Mama yake alikuwa ametutangulia kuwasha kiyoyozi. Tulimkuta ameegemeza kiti nyuma, mdomo wazi, mkono mmoja umeangukia kwenye breki ya mkono, amelala. Alikuwa anakoroma kama mvulana. Neema aliweka kidole kwenye midomo, kunionya.

Tukakaa juu ya ukingo wa zege, kwenye kivuli cha gari, mimi na yeye. Magari mengine yaliondoka moja moja. Hatukumwamsha.